Masafa ya bure yana gharama yake

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa mitandao ya simu kutumia masafa ya gigahezi 5 yasiyohitaji leseni, ambayo Wi-Fi imeyatumia kwa miaka mingi. Wanaodai kuwa masafa hayo ni ya bure, hivyo kila mmoja ajichotee, wanasahau msongamano. Anayerusha mawimbi halipii ucheleweshaji anaowasababishia wengine, kwa hiyo hana sababu ya kujizuia.

Wi-Fi husikiliza kwanza. Ikikuta chaneli ina shughuli, husubiri. LTE-U, teknolojia ya mitandao ya simu ya 4G kwenye masafa yasiyo na leseni, iliundwa kuwasha na kuzima mawimbi kwa zamu inazojipangia yenyewe. Ikiwaka katikati ya pakiti (kifurushi cha data) ya Wi-Fi, pakiti huharibika na kutumwa upya, na kila inaposhindikana Wi-Fi hurefusha kipindi cha kusubiri. Mstaarabu ndiye anayeumia! LAA, teknolojia iliyoirithi LTE-U, husikiliza kwanza, lakini mtego haujaisha: Wi-Fi hutambua Wi-Fi nyingine kwenye dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) hasi 82, yaani hata yakiwa dhaifu sana, ilhali mawimbi ya aina nyingine huyaheshimu yakifika hasi 62 tu. Desibeli hizo 20 ni tofauti ya nguvu mara 100.

Mamlaka za mawasiliano ziweke sharti la kusikiliza, kizingiti kimoja cha kutambua mawimbi kwa wote na ukomo wa muda wa kushika chaneli. Kabla ya kuidhinishwa, kifaa kipimwe kikiwa kimezungukwa na vifaa vya teknolojia nyingine, si peke yake maabara. Kuyapiga mnada masafa haya si dawa: kusimamia leseni ya mawimbi yanayoishia ukutani kwa jirani huenda kukagharimu kuliko thamani yake.

Mhandisi wa mawasiliano