Meza ya Halloween: macho ya kutisha, boga la nazi na unachopaswa kutuambia kabla ya kuagiza

Oktoba ikishaingia, wateja wetu hapa Lexington, Kentucky, huja na swali moja. Watoto wa darasani wamealikwa nyumbani kwa ajili ya Halloween, mama amezoea kupika pilau na sambusa, na sasa anaambiwa chakula kionekane kama vidole vya mchawi. Afanye nini? Sisi tunashauri kianzie kwenye ladha. Mtoto anaweza kuogopa sahani kwa dakika moja tu, baada ya hapo anataka kula.

Sikukuu hii ya tarehe 31 Oktoba ina vyakula vyake vya asili, na wengi hawavijui kwa sababu madukani wanaona peremende tu. Ilitoka Ireland na Scotland, ikavuka bahari na Waayalandi waliokimbia njaa kuu ya miaka ya 1840. Kwao usiku huo waliponda viazi pamoja na kale, mboga ya jamii ya sukumawiki, au kabichi, wakaweka siagi katikati. Mkenya aliyekulia kwenye mukimo atakitambua chakula hicho mara moja. Walioka pia mkate wa zabibu kavu wenye pete iliyofichwa ndani; atakayeipata kwenye kipande chake, ndoa iko karibu. Mkate huo tunauoka, zabibu tunazilowesha kwenye chai nzito usiku kucha. Pete tunaifunga kwa karatasi ya kuokea, na tukisikia kuna watoto wadogo mezani hatuiweki kabisa.

Boga nalo lina habari yake. Ireland walichonga tanipu. Marekani wakakuta boga, kubwa na laini zaidi kwa kisu. Lakini tafadhali, boga la kuchonga usilipike. Limekuzwa liwe kubwa, nyama yake ina maji na nyuzi nyingi, na likishakaa barazani siku kadhaa na mshumaa ndani limeanza kuoza. Kwa boga la nazi tafuta yale madogo mazito yanayouzwa kwa ajili ya kuoka. Lichemshe kwa tui jepesi, iliki, sukari kidogo na chumvi, kisha tui zito liingie mwishoni, moto ukiwa mdogo. Tukilipakua ndani ya boga dogo lililotobolewa macho, wageni Wamarekani huuliza ni nini kabla hata ya kugusa keki. Mbegu usitupe: zioshe, zikaushe, zikaange na chumvi na pilipili.

Sasa jambo linalotupa simu nyingi kuliko yote. Peremende za kutafuna zenye umbo la minyoo na macho zinazouzwa madukani hutengenezwa kwa jelatini, na mara nyingi jelatini hiyo ni ya nguruwe. Wateja wetu Waislamu wanagundua hivyo wakati mfuko umeshafunguliwa na mtoto analia. Ndiyo maana macho yetu tunayatengeneza kwa agaragari, ile inayouzwa kwenye maduka ya Wahindi kwa jina la chaina grasi. Inatokana na mwani mwekundu, jamii moja na mwani unaolimwa na akina mama wa Paje, Zanzibar. Lazima ichemke vizuri ndipo iyeyuke, lakini ikishaganda haiyeyuki kwa joto la chumbani, kwa hiyo macho yanakaa imara mezani jioni nzima. Tunachanganya na tui la nazi na iliki, katikati tunaweka duara la sharubati nyeusi ya zabibu. Kwenye bilauri kuna maziwa ya waridi yenye tukmaria, mbegu ndogo za mrehani, zilizovimba. Watoto wanayaita mayai ya chura, na wanaomba tena. Mumia, yaani maiti za kale zilizofungwa vitambaa, kwetu ni kababu za ng'ombe zilizozungushiwa vipande vyembamba vya unga wa maandazi, macho yao habasoda mbili.

Matufaa ya karameli tunayauza siku ileile tuliyoyatengeneza, na tunakuomba uyaweke kwenye friji. Mwaka 2014 bakteria wa listeria kwenye matufaa ya aina hiyo yaliyotengenezwa viwandani waliwafanya watu 35 waugue katika majimbo 12 ya Marekani, karibu wote wakalazwa. Kijiti kikishatoboa tufaa, maji yake hupenya chini ya karameli, na bakteria hukua hapo tufaa likiachwa kwenye joto la chumbani. Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi.

Ukiagiza, tuambie kwanza kuhusu mzio. Kashata zetu zina karanga, na biskuti za vidole zina lozi mahali pa kucha. Tunaweza kuweka mbegu ya boga badala yake, ila tujue mapema kwa sababu vyombo tunavitenga. Tuambie pia kama ni sherehe ya mavuno ya kanisani, au kama nyumbani kwako hamtaki mafuvu na wachawi. Kuna wazazi wengi wa namna hiyo na tunawaheshimu: wao tunawatengenezea maboga, majani ya rangi ya machungwa na bundi, kwa bei ileile. Oda tunafunga siku saba kabla ya sikukuu, kwa kuwa maboga madogo huisha sokoni. Chakula cha moto unachukua mchana wa siku yenyewe, na macho ya agaragari unaweza kuyachukua jana yake.