Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa jumuiya, mwaka 2025

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu wanajumuiya, hesabu atawasomea mhazini na mahudhurio anayo katibu, kwa hiyo huko nitapita mbiombio. Zaka tumeifikisha parokiani kila mwezi isipokuwa ya Agosti, iliyochelewa hadi Septemba. Mfuko wa misiba umefunguliwa mara tatu, na mara zote tatu hela ilifika kabla ya turubai. Mradi wa kuku umekufa pamoja na kuku wenyewe. Kideri kilipita mtaani mwezi wa saba, sisi tukiwa bado tunabishana nani aende kununua chanjo. Banda lipo, anayelitaka aseme.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja, nalo linaanza na kosa langu.

Mwezi wa pili alikuja kwangu baba mmoja kijana, anaomba barua ya kumbatiza mtoto. Nikafungua daftari la mahudhurio: mwaka mzima kaonekana mara mbili. Nikamwambia, mwanangu, jumuiya si ofisi ya mihuri, sali na wenzio miezi mitatu ndipo uje. Akaitikia, "Sawa, mama," akaondoka. Nikajiona nimelitetea Kanisa. Wiki hiyohiyo jirani yake akanieleza kwamba yule kijana ni mlinzi wa usiku. Lindo lake linaisha saa 12 asubuhi, na sisi Jumamosi tunaanza sala saa 12 kamili. Akifika mtaani anatukuta tunakunja mikeka. Zile mara mbili alikuwa ameomba ruhusa.

Nilimfuata nyumbani kwake, nikamwomba radhi mbele ya mkewe, barua nikaiandika palepale nimeegemea mfuniko wa ndoo. Mtoto alibatizwa Jumatatu ya Pasaka. Mtaikumbuka siku ile, maana tulikuwa hatujamaliza hata kupiga picha pale nje ya kanisa simu zikaanza kulia, Baba Mtakatifu Fransisko amefariki.

Sasa sikieni katibu alichofanya, mimi nisingekiwaza. Alimuuliza yule kijana swali dogo tu: mchana huwa unafanya nini? Akajibu kwamba analala hadi saa 6, baada ya hapo yupo tu. Na sisi hapa tuna bibi wa kisukari ambaye kliniki yake ni Jumatano mchana, siku ambayo wanawe wote wako kazini na sisi wote tuko kwenye shughuli zetu. Tangu Mei kijana ndiye anayempeleka. Anajua dirisha la bima, anajua dirisha la dawa, anajua foleni ipi inakwenda na ipi imesimama. Mwezi wa tisa akaongezewa mgonjwa wa pili, na safari hii hatukumwomba, alikuja kuuliza mwenyewe. Jumamosi alfajiri bado hafiki. Ukilifuata daftari langu, huyo ndiye mlegevu wetu namba moja.

Wa pili ni mzee wa viti. Simtaji jina, mwenyewe hapendi na nyote mnamjua. Alipofiwa na mkewe mwaka juzi tulizika naye, na baada ya arobaini akaanza kuja sala. Alikaa palepale mlangoni penye viatu, hasomi, haimbi, likifika lile neno la kushirikishana Injili anatazama chini. Akawa hivyo karibu mwaka mzima. Mimi niliamua ndivyo alivyo, tumwache. Viti vyetu 40 vya plastiki vilikuwa vimebaki kama 30, vingine vimevunjika miguu, vingine vimo sebuleni kwa watu na tunajuana. Mwezi wa tatu tukampa ufunguo wa stoo, si kwa hekima yoyote, ila nyumba yake ndiyo iliyo karibu na stoo.

Akaviandika namba kwa rangi nyekundu, chini ya kiti, si mgongoni, ili visionekane vya kukodi. Vilivyopasuka akavishona kwa waya wa moto. Akanunua daftari la kurasa 96, na kila anayeazima anatia sahihi, hata mimi. Na kupitia daftari hilo akagundua jambo ambalo viongozi watano hatukuligundua kwa miaka mitatu: kuna nyumba nne ambazo zamu ya kusali ikifika huwa "zina dharura". Hazikuwa na dharura. Hazikuwa na viti, wala sebule ya kuingia watu. Siku hizi Ijumaa jioni mkokoteni unatangulia, mzee nyuma yake na kitambaa begani, na tumeshasali katika nyumba tatu kati ya hizo, tumekaa uani chini ya kamba za nguo. Juzi nilimtania kwamba amekuwa waziri. Akanijibu, "Mama, mimi Ijumaa nilikuwa siijui, ilikuwa siku kama siku. Sasa Ijumaa nina kazi."

Mwajua jumuiya hizi ndogo ndogo Maaskofu wa AMECEA, umoja wa Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya msingi wa uchungaji mwaka 1976, na nia haikuwa kuongeza orodha ya michango, ingawa wakati mwingine tunaziendesha kama vile ndiyo. Kwenye sherehe ya somo wetu, Jumanne ile ya tarehe 3 Juni, katekista alitukumbusha habari ya mashahidi wa Uganda, ambayo tunaiimba kila mwaka bila kuisikiliza. Wamisionari wa Afrika waliingia Buganda mwaka 1879, mwaka 1882 wakaondoka wakavuka Ziwa kuja upande huu wa kusini, wasirudi hadi 1885. Karibu miaka mitatu wakristo wale wachanga walibaki bila padre. Hawakutawanyika. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwashika wenzake mle mle ikulu kwa Kabaka, na alipouawa Novemba 1885 kazi ikaangukia mikononi mwa Karoli Lwanga. Kule Mityana alikuwapo Noe Mawaggali, na huyo alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Mimi sherehe zote zilizopita nilikuwa nikiwaza moto wa Namugongo tu, walikochomwa mashahidi. Mwaka huu nilirudi nyumbani namuwaza mfinyanzi na udongo vidoleni, anafundisha sala.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Wapo tuliowachosha. Tunaye mama ambaye mwaka huu alikuwa mhazini wa kanda, mwimbaji wa kwaya, mjumbe wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, na kila msiba jikoni tukamweka yeye kwa sababu hasemi hapana. Mwezi wa kumi aliacha kuja kabisa. Nilipokwenda kumtazama hakuwa mgonjwa wala hakuwa na kinyongo, alitaka tu Jumamosi moja ya kulala. Nilinyamaza, maana nami siku hiyo nilikuwa nimemchukulia daftari la michango ya jengo. Nimerudi nalo.

Nimehesabu: kazi zote za jumuiya hii zimo mikononi mwa watu sita, na mimi peke yangu nina saba. Wengine wote tunawaita waumini, tunawapigia simu ya mchango, kisha tunashangaa mbona ni wa kuja na kuondoka.

Kwa hiyo uongozi unaomaliza muda unaleta mapendekezo mawili. La kwanza, sala ihamie Jumapili saa 11 jioni mara moja kwa mwezi, ili wenye malindo na wenye genge nao wapate. Najua wapo wasiolipenda, tulijadili. La pili, kila kazi ivunjwe iwe ndogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja: kuwakusanya watoto wa Utoto Mtakatifu, kusoma majina ya marehemu, kumpigia simu aliyekosa wiki mbili, maji ya kunawa. Asiyetaka kazi aachwe akae, na asiulizwe. Mzee wa viti naye alihitaji mwaka wake wa kukaa mlangoni.

Mimi sigombei tena. Naomba nipewe ile kazi ya majina ya marehemu, kama hakuna aliyewahi.

Orodha iko ukutani karibu na jiko, kalamu anayo katibu. Jumamosi ijayo tunasali ile nyumba ya nne, nyuma ya mashine ya kusaga. Viti vitafika Ijumaa jioni.