Barua kwa vijana wa avenyi yetu, Kadutu mjini Bukavu: mgonjwa kwanza, karuho baadaye

Wanangu,

Nilinyamaza kwa siku kadhaa nikingoja hasira ipoe. Haikupoa, basi nawaandikia hivyohivyo.

Baba jirani yetu alikutwa asubuhi ameanguka kando ya kitanda, kiatu kimoja mguuni. Mdomo umeenda upande, mkono wa kuume hauinuki, maneno hayaeleweki. Aliyefanya kazi wodini miaka mingi kama mimi hahitaji kuambiwa: hicho ni kiharusi. Mshipa wa damu kichwani umeziba, au umepasuka. Lakini nyinyi mlikuwa na jibu lenu tayari. Karuho! Ati kawekewa sumu.

Nilipofika, uwanja umejaa. Mmoja anapasha maziwa moto, mwingine katumwa kumwita fundi wa kutapisha. Shemeji anauliza jana mgonjwa alikula wapi, alikunywa na nani, na jina la mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, likatajwa mbele ya watoto. Wawili walikuwa wanamtenganisha meno kwa kijiko. Mtu aliyepooza upande mmoja, koo nalo huweza kulegea; maziwa badala ya kwenda tumboni yanaingia mapafuni. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Niliwachapa mikono, ndiyo, na mkirudia nitawachapa tena.

Sisemi hakuna mtu anayewekewa sumu. Nasema hata ingekuwa sumu, asiyeweza kumeza hanyweshwi kitu wala hatapishwi: anakimbizwa hospitali. Na kwa kiharusi, saa ndizo zinazoamua. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa skana, kwa sababu kama mshipa umepasuka dawa hiyohiyo inaweza kuua. Ndiyo maana daktari anauliza: mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi? Familia nzima ilikodoa macho. Aliyekunywa naye walimjua; saa, hakuna.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Yule baba ana tansio, yaani shinikizo la damu, ya zamani, na vidonge aliacha mwenyewe kwa kuwa alijisikia vizuri. Tansio haiumi, wanangu, inakula kimyakimya. Lakini tansio haina jirani wa kumshitaki, kwa hiyo haikuwavutia. Mama wa sambaza hajarudi kwenye meza yake sokoni. Aliyetamka jina lake anajijua. Aende kumwomba msamaha mchana kweupe, watu wakisikia, maana alipomtaja walisikia pia.

Kisha ile pikipiki! Mgonjwa kakalishwa katikati ya watu wawili, kichwa kinaning'inia, ulimi unaziba njia ya hewa. Najua gari halifiki huku kwetu. Wazee wetu walishusha wagonjwa milimani kwa kipoyi, machela ya kubeba mabegani, vijana wakipokezana mabega bila kubembelezwa. Mlazeni ubavu kwenye blanketi nzito, watu sita washike kingo, mteremke naye hadi barabarani. Taksi itafutwe wakati nyinyi mnashuka, siyo mkishafika.

Sitawalaumu nyinyi peke yenu. Katika nchi hii mgonjwa anaombwa amana kabla hajapimwa presha, na nimewaona waliopona wakizuiwa wodini kwa sababu ya faktura, bili ya matibabu. Serikali zinapita, hilo halipiti. Mtu akiogopa faktura atamkimbilia fundi wa kutapisha, ambaye yuko jirani na anakubali kukopesha. Kwa hiyo mchango wenu wa kila mwezi, ule mnaoungoja kilio ndipo mnunue vitenge vya sare, utoke siku ya kwanza ya ugonjwa. Na mituweli ya afya ya parokia, ule mfuko wa kuchangiana matibabu, ingieni mkiwa wazima.

Mengine ni mafupi. Mtu mmoja tu azungumze na madaktari, na aandike wanachosema. Picha ya mgonjwa isiende WhatsApp. Dawa zake za nyumbani zibebwe kwenye mfuko, hata zilizokwisha. Msijazane chumbani. Tangu benki za mji wetu zifunge milango Februari 2025, pesa za ndugu walio mbali zinapita kwenye simu, na namba ya siri ya yule baba aliijua yeye peke yake, naye hawezi kuitamka. Kila nyumba iwe na mtu wa pili anayeaminika.

Binti yake mkubwa ndiye anayemlinda. Analala sakafuni kwenye kitenge, anamgeuza baba kila saa mbili ili mgongo usichubuke, anashuka kutafuta maji, anapika, kwa sababu hospitali hailishi mtu. Wadogo zake wameacha shule wiki hii. Mnapita kumwambia "pole, dada, Mungu yupo" na kuondoka. Pole yenu amesikia. Anahitaji mtu wa zamu ya usiku ili alale, jerikani ya maji, bugali na mboga ya lenga-lenga ya wale wadogo, na wa kuwapeleka shule Jumatatu.

Jumapili baada ya misa ya pili, njooni kwangu na mablanketi mawili. Nitawafundisha kubeba mtu kwenye ngazi zetu. Mnene wenu ndiye atakuwa mgonjwa.

Mama yenu, muuguzi mstaafu