Barua kwa Musa: gundi ya meza na gundi ya mlango

Jinja, Februari

Ndugu yangu Musa,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Barua yako nimeipata. Una meza ya kulia ya mvule na mlango wa nje wa mtiki, na mwenye duka hapo Arua anasema ndoo moja ya gundi nyeupe inatosha kazi zote mbili. Kwa meza anaweza kuwa sawa. Kwa mlango utakaopigwa na mvua ya Aprili, hapana.

Gundi nyeupe ya maji, ile ya PVA, ina madaraja ya kustahimili maji. Kwa kipimo cha Ulaya cha EN 204 hugawanywa kuanzia D1 hadi D4, na alama hiyo huandikwa kwenye kopo. D1 na D2 ni za ndani. Kiungo cha D3 kinapimwa kwa kulowekwa siku 4 katika maji baridi, na cha D4 kinachemshwa saa 6 na bado kinatakiwa kishike. Kopo lisilo na alama lihesabu kuwa la ndani tu, hata muuzaji akiapa.

Kwa hiyo kwa meza chukua D3, maana itafutwa kwa kitambaa chenye maji kila siku. Kwa mlango chukua D4, kisha uufunike vizuri kwa vanishi ya nje, hasa vichwa vya mbao pale chini, ndiko maji yanakoingilia. Kama ulimi wa ubao mmoja unalegea kwenye tundu la mwingine, PVA haitakusaidia: inataka mbao zigusane, na ikijazwa kwenye pengo hunywea ikikauka. Hapo tumia epoksi ya sehemu mbili, ambayo hujaza pengo. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa, bila kukisia kwa jicho, na uchanganye kidogo kidogo, kwa sababu ikiwa nyingi kwenye kikombe hujipasha moto na kuganda kabla hujaipaka. Usikaze kiungo sana: epoksi ikiminywa yote ikatoka, kinabaki bila gundi.

Gundi ya poliurethani nayo haiogopi maji, ila usidanganywe na povu lake. Povu linajaza pengo kwa macho tu, nguvu halina. Na ile ya kubandikia fomika na ngozi iache kwa fomika na ngozi. Haigandi ikawa ngumu, na kiungo kinachobeba uzito kitateleza polepole.

Usipunguze gundi ili kubana gharama, wala usiiongeze maji. Piga hesabu ya meza yako: mbao 6 za mita 1.5, unene sentimita 3, zina viungo 5, jumla mita ya mraba 0.225. Kwa gramu 200 kwa mita ya mraba, meza nzima inakula gramu 45. Mvule wa meza hiyo unagharimu kiasi gani, na gramu 45 za gundi nzuri kiasi gani?

Sasa mbao zenyewe, maana viungo vingi vinavyofunguka vimeharibikia hapa. Mbao mbichi haishiki. Kata kipande, kipime kwenye mizani kila wiki; kikiacha kupungua uzito, rundo lako limekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Ubavu utakaobandikwa upige randa kali siku hiyo hiyo. Randa butu husaga nyuzi zikalala na kung'aa, gundi ikakosa pa kuingia. Na mvule una mawe yake madogo ndani ya mbao, yanayomaliza makali, kwa hiyo noa mara kwa mara. Mtiki una mafuta, na mafuta hayo hupanda juu ya ubao uliokaa. Upige randa, ufute kwa asetoni, uache ukauke, kisha bandika ndani ya saa moja.

Arua ya Februari ina joto, kwa hiyo bandika asubuhi na mapema. Mchana wa jua kali gundi hupata ngozi juu kabla ya dakika 5. Iguse kwa kidole: isiponata tena, ikwangue yote uanze upya, kwa sababu PVA haishiki juu ya PVA iliyokauka. Jipangie kwanza mbao na klampu, vile vibano vya kukazia, bila gundi, kila kitu kiwe karibu. Weka klampu kila sentimita 20 hadi 25, moja juu na moja chini ili meza isipinde. Kama klampu hazitoshi, kamba na kabari zinafanya kazi. Kaza mpaka matone madogo yatokee kwenye mstari wote. Pasipotokea tone ndipo gundi ilipopungua. Chini ya chuma cha klampu weka karatasi ya nailoni, la sivyo chuma na unyevu wa gundi vitaacha doa jeusi kwenye mvule.

Matone usiyafute kwa kitambaa cha maji. Utayasambaza, na vanishi itakataa kuingia pale. Subiri nusu saa yawe kama mpira, uyakwangue kwa patasi. Klampu ziache saa 2, na randa usiipige kabla ya saa 24: maji ya gundi huvimbisha mbao kando ya kiungo, ukisawazisha mapema, baadaye zikinywea utabaki na kijishimo kirefu kwenye kila mstari.

Gundi ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usiipake kwenye kazi ya mtu kabla ya kuijaribu. Bandika vipande viwili vya mtiki ule ule, ngoja siku nzima, uvipasue kwa patasi na nyundo kwenye mstari wa kiungo. Ukiona nyuzi za mbao zimechanika zikabaki upande wa pili, gundi ni nzima. Ukiona mstari umefunguka safi, irudishe. Kwa ajili ya mlango, bandika jozi nyingine, iloweke siku 4 kwanza, kisha uipasue. Niandikie vimevunjikia wapi kabla hujafungua kopo kubwa.

Wako,
Juma