Safari ya Balozi Mahiga ifundishwe vyuoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu wahadhiri wetu wa uhusiano wa kimataifa na masomo ya usalama, ambao wakiteuliwa kwenda serikalini au ubalozini tunawapongeza, kisha hakuna anayewauliza walijifunza nini huko.

Mfano wangu ni marehemu Balozi Dkt. Augustine Mahiga, mzaliwa wa Tosamaganga, Iringa, aliyefariki dunia tarehe 1 Mei 2020. Baada ya kuhitimu shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1975, alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye aliongoza Idara ya Usalama wa Taifa, akawa balozi, akahudumia wakimbizi chini ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na alikuwa mwakilishi wetu katika Umoja wa Mataifa, New York, Tanzania ilipoketi katika Baraza la Usalama la umoja huo mwaka 2005 na 2006.

Lakini sura inayostahili darasa zima ni Somalia. Alipokabidhiwa na Umoja wa Mataifa jukumu la kuwa mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu wake kwa Somalia mwaka 2010, ofisi yake ilikuwa Nairobi. Januari 2012 aliihamishia Mogadishu, miezi michache tu baada ya kundi la wapiganaji la al-Shabaab kuondoka katika sehemu kubwa ya mji huo. Mpatanishi anayekaa nje ya nchi hutegemea taarifa za kuletewa, ilhali anayelala mjini huonana ana kwa ana na wazee wa koo. Na ni wazee hao, 135 kwa idadi, waliowateua wajumbe 825 wa bunge maalumu lililopitisha katiba ya muda tarehe 1 Agosti 2012. Nionavyo mimi, uamuzi ule wa kuhamia Mogadishu ulihitaji mtu aliyeisoma migogoro maktabani na kuishuhudia kambini pia.

Naviomba basi vyuo vyetu, hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani na Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, viifanye kazi yake ya Somalia kuwa somo kamili: wanafunzi wasome ripoti zilizowasilishwa Baraza la Usalama, na wawahoji maofisa waliofanya naye kazi wakati kumbukumbu zao zingali hai. Aidha, mhadhiri anayerejea chuoni kutoka kwenye usuluhishi ahesabiwe miaka hiyo anapoombewa kupandishwa cheo, badala ya kuulizwa tu amechapisha makala ngapi.

Mhadhiri,
Dodoma