Dawa ya maji ya mtoto haikadiriwi

Mhariri,

Mtoto anayehitaji miligramu 10 asikatiwe kidonge cha miligramu 25 kwa kukisia. Mfamasia husaga vidonge 20 kwenye kinu hadi viwe unga laini, huongeza sirapu kidogo kidogo apate rojo zito, husuuza kinu kwa sirapu hiyohiyo, kisha hujaza hadi mililita 100. Kila mililita hubeba miligramu 5. Mtoto hupewa mililita 2 kwa bomba lisilo na sindano. Ukimimina sirapu yote kwa mkupuo, unga hufanya mabonge. Na chupa isipotikiswa (hili husahaulika mno!), dozi za mwanzo huwa hafifu, za mwisho kali kupita kiasi. Vidonge vinavyoachia dawa polepole visisagwe kamwe.

Mfamasia