Safari ya kuvua Murchison, Uganda: msiache karatasi nyumbani

Wavuvi, salaam. Magari 2 yanatoka Nairobi Ijumaa saa 10 alfajiri, tunavukia Busia, tunalala Jinja, kisha Jumamosi tunapita Kampala kuelekea Masindi.

Kadi za njano ziko mbili, msizichanganye. Ya homa ya manjano ni ya kila mtu, na chanjo huhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo asiyechanjwa aende leo. Ya COMESA, ile jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ni bima ya gari, hiyo ni kazi ya wenye magari. Kuvuka, kitambulisho cha taifa kinatosha. Logibuku (hati ya umiliki wa gari) iwe ile halisi, na kama gari si lako, beba barua ya mwenyewe. Safari iliyopita tulikaa mpakani kwa saa 3 tukimsubiri aliyekuja na picha kwenye simu. Simtaji, anajijua.

Sasa samaki. Mbuta wa Nile si wa kuchezewa: mdomo wake ni kama msasa, anasugua mshipi mwembamba mpaka unakatika. Mwaka jana nilimfikisha karibu na boti, nikamwona jicho, halafu puu! Nikabaki na fimbo nyepesi. Fungeni kipande cha mshipi mnene kabla ya ndoana. Kibali cha kuvua ndani ya hifadhi nashughulikia mimi.

Nguo nyeusi na za buluu ziacheni, mbung'o huzipenda. Na majini hakuna kuogelea, mamba wapo.

Nani ana koleo ndefu ya kutolea ndoana? Yangu imeshika kutu.